Kahawa ya Kuchanganya Nyumbani: Pima kwa Gramu

Ndugu zangu, karibuni. Tuanze na kile kipakiti cha kahawa ya maziwa iliyochanganywa tayari. Kigeuze nyuma usome viungo; huandikwa kwa uzito, kilicho kingi kwanza. Mara nyingi inaongoza sukari, au krima ya unga, yaani sharubati ya glukosi iliyokaushwa pamoja na mafuta ya mimea. Kahawa unayodhani umeinunua iko huko chini.

Sukari na kahawa ukijinunulia mwenyewe, umeokoa. Mtego uko kwenye maziwa. Kiwanda hutumia krima kwa sababu ni ya bei nafuu kuliko maziwa, kwa hiyo ukinunua maziwa ya unga kwa vifuko vidogo, kikombe chako chaweza kuzidi bei ya kipakiti. Nunueni mfuko mkubwa, hata kama ni wa kugawana na jirani. Na kabla ya kulipa, gawanya bei kwa gramu.

Kipimo cha vikombe 20 ni hiki: maziwa ya unga gramu 200, sukari 160, kahawa ya papo hapo 40. Jumla 400, yaani gramu 20 kwa kikombe cha maji mililita 150 hadi 180. Anayetaka kali atie kahawa 60 na sukari 140. Tumieni mzani, maana kahawa ya chengachenga ni nyepesi na kijiko chake hudanganya.

Sukari lazima isagwe. Ukiiacha ya chenga, inajitenga na maziwa koponi: vikombe vingine vinakuwa chapwa, vingine shira tupu. Isage kwenye blenda kavu kabisa kwa nusu dakika, subiri vumbi litulie ndipo ufungue. Tia kahawa, zungusha mara mbili tatu. Maziwa msiyasage, blenda ikipata joto, mafuta yake hulainika na unga hugandia kwenye visu. Yachekecheni tu, kisha changanyeni vyote kwenye chombo kikubwa chenye mfuniko, kisizidi nusu, mkitikise. Chombo kilichojaa hakichanganyi kitu.

Sasa adui mkubwa, hasa kwa sisi wa pwani: unyevu. Kahawa ya papo hapo hunyonya maji hewani, ikalowa, ikawa bonge jeusi kama lami. Sababu ya kawaida si mvua za masika, ni mtu kuchota juu ya birika linalofuka. Mvuke unaingia koponi, kijiko nacho kimeshapata umande. Chota mbali na jiko, kwa kijiko kikavu. Weka cha wiki moja kwenye kopo dogo, kingine kifungwe na kisiguswe. Maziwa yenye mafuta yote huanza kunuka mafuta ya zamani yakikaa sana. Tengenezeni cha mwezi mmoja, msijaze pipa.

Wengine hulalamika kwamba maziwa yamekatika, kuna vipande vinaelea. Krima ya kiwandani ina chumvi za fosfeti zinazozuia asidi ya kahawa kugandisha protini, sisi hatuna. Basi maji yakichemka, yaache dakika mbili tatu. Tia unga kikombeni, maji kidogo ya uvuguvugu, koroga hadi uwe uji mzito, ndipo umimine ya moto. Ukimwaga maji yanayochemka juu ya unga mkavu, utapata madonge yenye unga mkavu ndani, na hapo hata ukoroge vipi hayavunjiki.

Viungo? Tangawizi kavu ya unga, kijiko kimoja cha chai kwa gramu 400, na iliki nusu kijiko. Haviyeyuki, vitatuama, kwa hiyo visagwe laini na kuchekechwa. Vanila ya maji isiingie koponi hata tone. Itieni kikombeni wakati wa kunywa.