Dakika 95 za San Bruno

Ndugu zangu, naomba tuanze na saa. Tarehe 9 Septemba 2010, saa 12 na dakika 11 jioni, bomba la gesi asilia lilipasuka chini ya mtaa wa makazi huko San Bruno, California. Kipande cha chuma chenye urefu wa mita 8 na ushei kiling'oka ardhini kikaangukia mita 30 mbali. Watu 8 walikufa, nyumba 38 zikateketea. Mimi huuwaza zaidi ule muda uliofuata: gesi iliendelea kuulisha moto kwa dakika 95. Vali zilikuwa za kufunga kwa mkono, na mafundi walizifuata kwa gari, jioni ile ya foleni. Mzima moto angefanya nini, na moto bado unapewa chakula?

Bomba lenyewe lilifukiwa mwaka 1956. Wachunguzi walipolikagua walikuta mishono iliyochomelewa upande wa nje tu, tena nusunusu. Ndani hakuna kitu. Kwenye hati za kampuni liliandikwa kuwa halina mshono kabisa! Wala halikuwa limelazimishwa kupimwa kwa shinikizo la maji, maana kanuni zilizofuata sheria ya 1968 ziliyasamehe mabomba ya zamani. Na sheria hiyo nayo ilipitishwa baada ya watu 17 kufa kwa mlipuko wa bomba huko Natchitoches, Louisiana, mwaka 1965.

Januari 2012, Rais Obama alitia saini sheria mpya. Faini ya juu ilipanda kutoka dola 100,000 hadi 200,000 kwa kila kosa kwa siku. Kampuni zilitakiwa kuhakiki hati za mabomba yao, jambo ambalo kwangu ni zito kuliko faini. Vali za kujifunga zenyewe, au za kufungwa kutoka mbali, zikaachwa zisubiri kanuni. Kanuni hiyo ilitoka 2022. Miaka 10 nzima!

Isomeni kwa makini. Inataka vali ifungwe ndani ya dakika 30, lakini zinahesabiwa tangu kampuni itambue kuwa bomba limepasuka, si tangu lipasuke. Na inayahusu mabomba mapya na yanayobadilishwa tu. Ninachowaomba watunga sheria ni maneno mawili: "na yaliyopo." Bomba la San Bruno lilikuwa na miaka 54 ardhini siku lilipopasuka.