Jiwe la Moto na Jiwe Lililogeuka: Ushahidi wa Mto Sabaki

Assalamu alaykum wazee wangu, walimu, na vijana wa Malindi.

Hapa mjini jiwe tulilozoea ni tumbawe. Ndilo lililojenga misikiti ya kale na hata mnara wa Vasco da Gama. Tumbawe ni kazi ya viumbe wa baharini, halikupita motoni. Ndiyo maana watoto wakisomeshwa miamba ya moto, yaani iliyoyeyuka kisha ikapoa, na miamba geu, yaani iliyogeuzwa na joto na mkandamizo bila kuyeyuka, huona ni habari za mbali. La hasha! Nendeni mdomo wa Sabaki mkachote mchanga. Vile vijipande vyembamba vinavyometa ni ulanga, na hauzaliwi na tumbawe. Umeteremka na mto kutoka bara.

Ufuateni mto huo hadi Tsavo Mashariki, unakoitwa Galana. Kaskazini yake umelala Uwanda wa Yatta: lava iliyotiririka yapata miaka milioni 13 iliyopita, ikaenea karibu kilomita 300. Lava hupoa upesi, kwa hiyo sehemu kubwa ya jiwe lake ni chembe ndogo zisizotengeka kwa macho. Itale, yaani graniti, nayo ni jiwe la moto, lakini hupoa polepole kilindini, fuwele zikapata muda wa kukua, ukaziona moja moja.

Kwenye Maporomoko ya Lugard, Galana imechonga naisi, ambayo ni mwamba geu, na hapo wengi hutatizika, maana naisi na itale huweza kuwa na madini yaleyale. Msitazame rangi, tazameni mpangilio. Fuwele za itale zimetawanyika kila upande. Za naisi zimejipanga mistari, mweupe kwa mweusi, kama ukili wa mkeka. Mistari hiyo ilipatikana jiwe lilipokandamizwa na kupashwa joto kali bila kuyeyuka, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Lingeyeyuka kisha likapoa, tungeliita jiwe la moto.

Na marumaru? Nayo ni jiwe la chokaa lililogeuka vivyo hivyo. Ukiuziwa kibao cha jikoni, omba kipande kilichokatika, kikwangue kidogo, udondoshee ndimu kwenye unga wake. Marumaru hutoa vipovu; itale hutulia tuli. Tumbawe letu pia hutoa vipovu, kwa kuwa nalo ni chokaa.

Vipande vyote vinne, lava, itale, naisi na marumaru, viko mezani, pamoja na ndimu na kioo cha kukuzia. Karibuni, watoto watangulie.