Uvimbe wa Mtoto Tumboni, na Mama Anayesahaulika

Asalaam aleikum, wakunga wenzangu, na nyinyi kina mama mliovuka feri asubuhi hii kuja kutusikiliza hapa Mombasa.

Saratani kwa mtoto ambaye hajazaliwa ni jambo la nadra sana, na nalisema mapema ili mja mzito aliye ukumbini asirudi nyumbani na hofu isiyomhusu. Vivimbe vinavyoonekana zaidi ni viwili. Teratoma huota kwenye kifandugu, humpata takriban mtoto mmoja katika kila 35,000 hadi 40,000 wanaozaliwa, wasichana zaidi kuliko wavulana, na aghalabu huwa bado si saratani wakati wa kuzaliwa, ingawa ikicheleweshwa kukatwa inaweza kugeuka. Nyuroblastoma mara nyingi huanzia kwenye tezi iliyo juu ya figo, na baadhi hunywea zenyewe.

Lililonileta hapa ni mama. Teratoma kubwa yenye mishipa mingi hunyang'anya mtoto damu, moyo wake mdogo husukuma kupita uwezo wake hadi ukachoka, maji hujaa mwilini mwake na kondo la nyuma huvimba. Kisha mama naye huvimba na presha yake hupanda, kana kwamba mwili wake unauiga wa mwanawe. Daktari Mskoti, John William Ballantyne, alilieleza jambo hili mwaka 1892. Nyuroblastoma nayo inaweza kumwaga homoni zinazomfikia mama, akatokwa na jasho, akaumwa na kichwa, na moyo ukamwenda mbio.

Mama mmoja wa Likoni aliletwa kwetu na mimba ya wiki 29. Uvimbe wa mtoto ulikuwa umeonekana kwenye picha ya altrasaundi mwezi mmoja kabla, na tangu siku hiyo kila aliyemhudumia alipima uvimbe, akaandika sentimita, akapanga picha nyingine. Katika kijitabu chake cha kliniki, mahali pa presha palikuwa patupu kwa ziara mbili mfululizo. Pete ya ndoa haikumwingia tena, alikuwa ameifunga kwenye pindo la leso. Bibi yake alimwambia kuvimba miguu ni kawaida ya mimba, na kwa wengi ni kweli, lakini huyu alikuwa amevimba uso na vidole, na usiku alilala ameketi kwa kukosa pumzi. Presha ilikuwa 170 kwa 110.

Ugonjwa huu kwa kawaida hautulii mpaka chanzo chake kiondoke. Tulimpasua usiku uleule, kwa kuwa uvimbe wa ukubwa ule ungeweza kupasuka na kuvuja damu katika njia ya uzazi. Mtoto aliishi saa chache. Shemejiye aliniuliza mlangoni kama ni jicho la mtu, au kitu alichokula. Nikamwambia kwamba uvimbe ule hutokana na chembe za mwanzo kabisa za mtoto, pengine kabla mama hajajua kwamba ana mimba.

Kwa hiyo, wenzangu, mkiambiwa mtoto ana uvimbe, mfungeni mama mkanda wa presha kila ajapo, mpimeni mkojo, mwulizeni analala vipi. Na msiishie hapo, kama tulivyoishia sisi. Presha yake ilishuka, tukafurahi. Siku ya tatu maziwa yalimjaa, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwambia kwamba yatakuja.