Chemba ya mawingu: waonyeshe wanafunzi njia za chembe kwa macho yao

Karibuni, walimu wenzangu, na karibu kila anayependa fizikia. Mada ya chembe ndogo wengi wetu tunaifundishia ubaoni: jedwali la majina, alama, mishale, basi. Mimi pia nilidhani inahitaji mashine kubwa kama zile za CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa chembe, mpaka nilipohudhuria mafunzo ya walimu na kukiona kifaa hiki, chemba ya mawingu, kikifanya kazi juu ya meza ya kawaida. Leo tunakitengeneza hatua kwa hatua.

Andaa chombo cha kioo au plastiki angavu, bapa la chuma linalofunika mdomo wake, kitambaa cheusi kinachonyonya maji vizuri, utepe mweusi wa gundi, tochi yenye mwanga mkali, trei, na barafu kavu. Halafu alkoholi ya isopropili. Hapa usikubali mbadala: tafuta ile ya asilimia 99, au angalau 90. Ile ya asilimia 70 ya kusafishia vidonda ina maji mengi na itakuangusha.

Kabla hatujagusa chochote, usalama. Barafu kavu ni kaboni dioksidi iliyoganda, nyuzi 78 za Selsiasi chini ya sifuri. Inaunguza ngozi, kwa hiyo vaa glavu nene na miwani ya kinga. Fungua madirisha, maana gesi yake inafukuza hewa safi. Alkoholi nayo inashika moto haraka, kwa hiyo kusiwe na kiberiti wala jiko karibu.

Sasa tuanze. Bandika kitambaa ndani ya chombo, kwenye kitako. Tukikigeuza chombo, kitako kitakuwa juu, na kitambaa kitaning'inia kama dari. Mimina alkoholi mpaka kitambaa kilowe vizuri, kisha mwaga inayobaki isidondoke ovyo.

Bapa la chuma lifunike kwa utepe mweusi upande mmoja. Weusi huu una kazi: vitone tutakavyovitafuta ni vyeupe na vidogo mno, na juu ya chuma kinachong'aa hutaviona kamwe. Tandaza barafu kavu kwenye trei, laza bapa juu yake, weusi ukitazama juu. Kisha geuza chombo, kikalie bapa kifudifudi, na uzibe kingo zote kwa utepe. Hewa ikipenya, mvuke utavurugika.

Subiri dakika 10 hivi. Usikisogeze.

Wakati tunasubiri, nieleze kinachotokea humo. Juu kuna joto la chumba, alkoholi inageuka mvuke. Mvuke unashuka, unakutana na baridi kali, na karibu na bapa unajikuta umejaa kupita kiasi: ungependa kuwa vitone lakini hauna pa kushikia. Chembe yenye chaji ikipita kwa kasi, inang'oa elektroni kwenye atomi za hewa na kuacha ayoni, yaani atomi zenye chaji, njia nzima. Mvuke unazishika ayoni hizo, na vitone vinajipanga mstari, kama ule mkia mweupe wa ndege inayopita juu sana angani. Chembe yenyewe hatuioni. Tunaona njia yake.

Zima taa za chumba. Laza tochi ubavuni, mwanga upite chini kabisa, sentimita moja hivi juu ya bapa. Mwanzo utaona manyunyu tu, kama mvua nyepesi. Hiyo ni dalili njema. Endelea kutazama palepale... hapo! Mmeuona? Uzi mweupe, mnyoofu, ukatokea ghafla, ukatanuka kidogo, ukazama.

Nawasihi walimu, hapa msiwahi kutaja majina. Waache wanafunzi wachore kwanza walichoona. Watagundua wenyewe kwamba njia hazifanani. Nene na fupi, sentimita chache tu, ni ya chembe ya alfa, yaani kiini cha heliamu, aghalabu kutoka kwenye radoni, gesi yenye mionzi iliyomo hewani. Nyembamba inayopinda na kuyumba ni elektroni; ni nyepesi, kila ikigongana inabadili mwelekeo. Nyembamba, ndefu na iliyonyooka, mara nyingi ni myuoni, chembe inayofanana na elektroni lakini nzito zaidi.

Myuoni ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Inazaliwa kilomita 15 hivi juu yetu, miale ya kosmiki, yaani chembe zenye kasi kutoka anga za mbali, inapogonga hewa. Ina uzito wa elektroni mara 207, na wastani wa maisha yake ni mikrosekunde 2.2. Wape wanafunzi hesabu: hata ikienda kwa kasi ya mwanga, kwa muda huo itafika mita 660 tu. Imefikaje kwenye meza yetu? Waache wabishane kabla hujaleta nadharia ya Einstein ya muda kurefuka kwa kitu kinachokwenda kasi sana.

Kuna swali lingine ambalo hujitokeza. Usawa wa bahari, kila sentimita ya mraba hupitiwa na myuoni moja hivi kwa dakika; mbona hatuoni mistari mirefu mingi kiasi hicho? Kwa sababu nyingi zinashuka wima, na tabaka linaloonyesha njia ni jembamba. Inayoshuka wima inaacha alama fupi tu. Ndefu ni zile zilizokuja kwa mshazari.

Msipoona kitu, kagueni mambo matatu: kingo zinavuja, bapa halijagusana vizuri na barafu, au tochi iko juu mno. Mkono wenye joto juu ya chombo pia husaidia kuongeza mvuke.

Waambieni pia kwamba C.T.R. Wilson, Mskoti aliyevumbua chemba hii, aliona njia hizi mwaka 1911 na akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Mwaka 1932 Mmarekani Carl Anderson aliigundua positroni, yaani elektroni yenye chaji chanya, ndani ya chemba ya mawingu, kwa kutazama upande njia ilikopindia kwenye sumaku.

Mkimaliza, barafu iliyobaki iacheni nje mahali penye hewa, mbali na watoto, mpaka iishe yenyewe. Msiifungie kwenye chupa, itapasuka, wala msiitupe kwenye sinki. Kitambaa kianikeni mbali na moto.