Hulka ya Mzee na Ubongo Wake

Asanteni kwa kufika. Mimi ni daktari wa magonjwa ya akili ya wazee, lakini leo nitaanza na watawa.

Mwaka 1994 watafiti wa kituo cha tiba cha Rush, Chicago, Marekani, walianza kuwafuatilia watawa, mapadri na mabruda wazee wa Kikatoliki ambao hawakuwa na demensia, yaani ugonjwa unaodhoofisha kumbukumbu na uwezo wa akili. Kila mwaka walipimwa kumbukumbu, na wote walikubali ubongo wao uchunguzwe wakishafariki. Mwaka 2007 Robert Wilson na wenzake wakatoa matokeo ya watu 997. Wenye bidii na mpangilio, wale wasioacha jambo nusu, walipata Alzheimer, aina ya demensia iliyo ya kawaida zaidi, kwa nadra. Kati ya waliopata alama za juu sana za bidii na waliopata za chini sana, hatari ilipungua kwa asilimia 89. Tarakimu hiyo ishikeni kwa tahadhari, maana tafiti nyingine zimeona uhusiano uleule lakini ukiwa mdogo zaidi.

Kwangu mimi utamu uko kwingine. Ubongo ulipochunguzwa, watu wa bidii walikutwa na uharibifu uleule wa protini zilizorundikana kama wenzao. Ugonjwa uliingia, ila akili ilihimili zaidi. Kwa nini? Huenda ni mazoezi, kutovuta sigara, kumeza dawa za presha kwa wakati. Mtu wa wasiwasi naye hatari yake huwa juu kidogo, lakini asikimbilie kukata tamaa: presha, kupungua kwa usikivu, sigara, sonona na upweke vyote vinaongeza hatari, na vyote vina la kufanyiwa.

Wapo wanaouliza: je, si ugonjwa ndio uliogeuza hulka kwanza? Swali zuri. Antonio Terracciano na wenzake walilipima kwa watu waliofuatiliwa miaka mingi huko Baltimore, wakachapisha mwaka 2017: hawakuona hulka ikibadilika kabla ya dalili kuanza.

Dalili zikishaanza ni habari nyingine. Kuna demensia inayoshambulia sehemu ya mbele ya ubongo, mara nyingi kabla ya miaka 65, na hiyo huanza na tabia, kumbukumbu ikiwa bado nzima. Mtu mstaarabu anaropoka mbele za watu, anatapanya fedha, anafiwa na hashtuki. Nyumbani wanadhani ni kiburi, ndoa zinavunjika, na daktari anaitwa mwisho kabisa.

Ndiyo maana sipendi kusikia “ni uzee tu.” Kwa kawaida watu hutulia kadiri wanavyozeeka. Mzee aliyegeuka ndani ya siku chache mtafutieni kwanza maambukizi, au dawa mpya aliyoanzishwa. Aliyegeuka kwa miezi, pimeni tezi ya shingo na muulizeni kuhusu sonona. Hayo yanatibika.

Ndugu wakimleta mzee kliniki, kabla ya kuuliza anasahau nini, mimi huwauliza alikuwa mtu wa namna gani alipokuwa na miaka 40. Hapo ndugu wawili huanza kubishana, nami huandika majibu yote mawili.

Karibuni maswali.