Anza na Jumapili: gari, ndege au treni kwa safari ya siku mbili

Asalaam aleikum. Wakubwa zangu shikamooni. Vijana, hamjambo.

Mji wetu una msemo wake unaojulikana nchi nzima: Tanga, waja leo waondoka leo. Jioni hii nataka tumzungumzie yule anayeondoka Ijumaa na kurudi Jumapili. Nimeendesha magari ya abiria miaka ishirini na miwili, na sasa nafundisha udereva. Swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu gia wala breki. Mtu huniambia, "Mwalimu, wikiendi nina harusi Dar. Niende na gari langu, nipande basi, au nitafute ndege? Na treni je?"

Nami humuuliza kwanza: Jumapili usiku utakuwa wapi, na utakuwa na hali gani?

Wengi wetu tunapanga safari kwa kuanzia Ijumaa. Ijumaa mtu ana hamu, mwili una nguvu, na chombo chochote kitamfikisha. Kazi iko kwenye kurudi. Unarudi umekesha, umekula umeshiba, na Jumatatu saa moja na nusu asubuhi unatakiwa kazini. Kwa hiyo mimi nawaambia wanafunzi wangu: chagua kwanza chombo cha kurudia, na cha kwendea kitajipanga chenyewe.

Nina sababu ya kulishikilia hili. Mwaka mmoja nilikwenda harusini Dar na gari langu dogo, mimi, mke wangu na watoto wawili. Jumapili niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikasaidia shughuli kutwa nzima, tukaondoka jioni. Ilipokaribia saa nne usiku tulikuwa kati ya Mkata na Kabuku. Nyuma wote wamelala. Sikumbuki kusinzia. Ninachokumbuka ni sauti ya majani yakipigapiga chini ya gari, kama mtu anafagia uwanja kwa nguvu. Yalikuwa matawi mabichi, yale ambayo madereva hukata na kuyatandika barabarani kuonya kwamba mbele kuna gari bovu. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Lori lilikuwa mbele yetu, limezima, halina taa hata moja. Tulisimama nikisoma herufi za namba zake kwa taa zangu, umbali wa kama kutoka hapa nilipo hadi mlango ule. Mke wangu aliamka akauliza, "Tumefika?" Sikuweza kumjibu.

Nilikuwa dereva mzoefu, leseni safi, gari zima. Kilichonipata kina maelezo yake. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi ya mikono na macho kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya kilevi katika damu. Kutoka saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku ni saa ngapi? Hesabuni. Ni hizo hizo 17, na mimi sijawahi kuonja pombe maishani. Tena ubongo uliochoka hujizima wenyewe kwa sekunde chache bila kukuaga. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde nne tu ni karibu mita 90, na dereva hayupo.

Basi tuanze na hiyo barabara. Kutoka hapa hadi Dar ni takribani kilometa 350 kwa njia ya Segera na Chalinze. Ukifika Msata unaweza kuiacha Chalinze ukaingia kushoto, kilometa 64 za lami hadi Bagamoyo, ukatokea Bunju na Tegeta. Kama mwenyeji wako anakaa Mbezi Beach, Kawe au Mwenge, pita Bagamoyo, utaikwepa foleni ya Kibaha na Kimara. Kama anakaa Ubungo au Kimara, hapo Chalinze ndiyo njia yako. Wami siku hizi haitutishi kama zamani. Wale wa rika langu mnalikumbuka daraja lile jembamba, gari moja kwa wakati mmoja, malori yakiteremka mlima huku yanaungua breki. Daraja jipya, refu la zaidi ya nusu kilometa, lilianza kutumika mwaka 2022.

Gari lako mwenyewe lina faida kubwa pale mnapokuwa wanne au watano. Kwenda na kurudi ni kilometa 700. Gari dogo linalokula lita moja kwa kilometa 12 litataka lita 58 hivi. Tukisema lita ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, hiyo ni 174,000. Igawe kwa watu watano, kila mmoja 35,000 kwenda na kurudi. Haina mshindani. Ukiwa peke yako, umelipia viti vitano na umekalia kimoja, tena hicho hicho hakiruhusu kulala. Na faini ya tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupimia mwendo, sijaiweka, maana kila kijiji kati ya Segera na Chalinze kina alama ya 50, na wengi wetu tunaiona tukishaipita.

Msafiri mmoja au wawili, mimi nawapeleka kwenye basi bila kusita. Stendi ya Kange unapanda, stendi ya Magufuli pale Mbezi Louis unashuka, na njiani dereva ni mtu mwingine. Jumapili unalala mdomo wazi hadi Segera na hakuna anayedhurika. Ubaya wa basi ni kwamba linakuacha Mbezi. Mtu wa Kigamboni aongeze saa moja na nusu, au mbili kukiwa na foleni. Hesabu mlango kwa mlango, msihesabu stendi kwa stendi.

Ndege nitaipitia haraka, kwa sababu kwetu ndege ina kazi yake maalumu, nayo ni bahari. Kiwanja chetu kiko hapa hapa mjini, na ndege zinazotua ni ndogo, za abiria kumi na kitu. Mzigo kwa kawaida ni kilo 15, na begi liwe laini, maana sehemu ya kuwekea mizigo haibonyei. Mwenye kwenda Pemba au Unguja kwa siku mbili, hiyo ndiyo safari ya ndege. Kwa barabara ungeteremka hadi Dar, upande boti, na Jumamosi yako ingeishia baharini. Kwenda Dar kwa ndege kunafaa ukiwa na mgonjwa au jambo la saa maalumu. Kwa matembezi, bei yake itakula raha yenyewe.

Treni. Hapa naomba mnivumilie, maana naipenda, na mji huu una haki ya kuidai. Reli ya kwanza kujengwa Tanzania Bara ilianzia hapa Tanga mwaka 1893, enzi za Wajerumani. Ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Mwaka 1963 ikaunganishwa na Reli ya Kati kwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi. Nikiwa mtoto tulijua saa kwa honi ya treni. Huduma ya abiria ilikuja kufa, ikakaa miaka mingi, ndipo treni ya Dar hadi Moshi ikarudi Desemba 2019, na mwaka uliofuata ikaendelea hadi Arusha. Lakini treni hiyo inapanda kwa kile kipande cha Ruvu, inapita Korogwe, na haiingii mjini kwetu. Mji uliozaa reli, watu wake wanapanda basi kilometa 90 kuifuata treni. Hili linaniuma na sitaacha kulisema kila ninapopewa nafasi.

Hata hivyo kuna mahali treni inashinda kila kitu, hata kwa mtu wa Tanga. Mwenye safari ya Dodoma anisikilize. SGR, ile reli mpya ya kisasa, ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, na kufika Dodoma Julai mwaka huo huo. Ni treni ya umeme, inafika kilometa 160 kwa saa. Badala ya kuendesha kutoka hapa hadi Dodoma, fika Chalinze, kata kulia kwenda Morogoro, ukapande treni Kihonda. Nunua tiketi mapema, maana mwisho wa wiki viti hujaa. Kitambulisho kiwe mkononi, na ufike kabla ya muda kwa sababu mizigo inapita kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Jumapili unarudi Morogoro ukiwa umelala, na kipande kilichobaki unakifanya kwa basi. Ukiacha gari Morogoro, lala huko, uondoke Jumatatu alfajiri kwa ruhusa ya mwajiri. Kama ruhusa haipo, gari libaki Tanga.

Kuna mama mmoja pale nyuma alininong'oneza kabla hatujaanza, nikamwahidi kumjibu mbele ya wote. Ana watoto watatu, mdogo ana miaka minne, na anataka kuwapeleka Lushoto wakaione milima. Mume ana gari lakini hajawahi kupanda mlima ule.

Mama, pandeni basi hadi Mombo. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilometa 33 za kona juu ya kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde. Panda gari za wenyeji, madereva wake wanaijua kila kona. Mdogo mkalishe dirishani mbele kama kuna nafasi, na asinywe maziwa kabla ya kupanda, atatapika. Kama baba anataka kuendesha lazima, aende Jumamosi asubuhi kukiwa na mwanga, apande kwa gia ndogo. Kushuka aiweke gia ile ile aliyopandia, asikalie breki. Na Jumapili muwe mmeshafika Mombo saa saba mchana. Pale kuna migahawa, mle, baba ajinyooshe nusu saa. Saa kumi na moja jioni mtakuwa Tanga, watoto wameoga, na taa za gari hamjaziwasha.

Haya, maswali mengine. Kijana wa shati la bluu, simama.