Begi lako na sekunde 90

Habari za jioni, ndugu zangu. Nianze na swali kabla hamjasinzia. Nani hapa, mara ya mwisho alipopanda ndege, alihesabu viti kutoka alipokaa hadi mlango wa dharura? (Kicheko.) Naona mikono miwili. Huyu mmoja namfahamu, ni mhudumu wa ndege, basi hatumhesabu.

Sheria ya kutoka kwenye ndege wakati wa hatari ni fupi. Kiwanda kinachounda ndege ya viti zaidi ya 44 hudaiwa kithibitishe kwamba ndege ikijaa, watu wote watatoka ndani ya sekunde 90, gizani, kwa nusu tu ya milango. Kwa nini nusu? Kwa sababu moto huwa na upande wake. Kiwanda cha Airbus walipoijaribu ndege yao ya A380 huko Hamburg, Ujerumani, Machi 2006, watu 873 walitoka kwa sekunde 78. Mmoja akavunjika mguu. Hapo hapakuwa na moto wala moshi, na hakuna aliyekuwa na hofu ya kufa.

Tuje mlangoni. Kabla ndege haijaondoka, mnasikia wahudumu wakiambizana kuhusu milango. Wanachofanya ni kutega mtego. Chini ya mlango imekunjwa slaidi, ule mteremko wa mpira, na upande wake mmoja una fito ya chuma. Mlango ukitegwa, fito inanasa sakafuni. Ukiusukuma mlango nje, slaidi inachomoka, inaanguka, chupa ya gesi inafunguka. Hapa pana ufundi ninaoupenda: gesi ya chupa peke yake haitoshi. Inapotoka kwa kasi inavuta hewa ya nje na kuingia nayo, ndiyo maana chupa ndogo inajaza dude kubwa kiasi kile kwa sekunde chache. Na mhudumu akisahau kutegua ndege ikiwa imeshaegeshwa, mlango ukifunguliwa kutoka ndani, slaidi inafyatuka pale pale mbele ya wabeba mizigo.

Mashine basi tunayo. Shida ni sisi.

Tarehe 22 Agosti 1985, uwanja wa Manchester, Boeing 737 ilikuwa inashika kasi iruke. Injini ya kushoto ikapasuka, kipande kikatoboa tangi la mafuta kwenye bawa. Rubani alidhani ni tairi. Akasimamisha ndege, lakini upepo ukausukuma moto kwenye kiwiliwili cha ndege. Mlango wa mbele kulia ulikwama ulipojaribiwa mara ya kwanza. Kwenye bawa la kulia, kile kifuniko kizito cha mlango wa dharura kilimwangukia abiria aliyekaa karibu nacho. Wakafa watu 55, wengi wao kwa moshi na si kwa kuungua.

Baadaye Profesa Helen Muir wa chuo cha Cranfield, Uingereza, akajiuliza: mbona majaribio ya viwanda hupita vizuri, na siku ya moto watu wanakufa njiani? Akawaita watu wa kujitolea, akawaingiza kwenye ndege iliyosimama. Walipoambiwa tu watoke, walitoka kwa adabu. Alipoahidi pauni 5 kwa nusu watakaotangulia, mambo yakageuka. Watu walipanda juu ya viti, wakabanana mlangoni, wakalaliana. Kwa pauni 5! Kutokana na kazi ya namna hiyo ndio leo twajua upana wa ile nafasi ya mlangoni una uzito kiasi gani, na kwa nini kiti cha mlango wa bawa kina nafasi ya miguu. Nyie mnailipia zaidi mkidhani ni starehe.

Sasa uwanja wa ndege wa Haneda, Tokyo, 2 Januari 2024. Ndege ya Airbus A350 yenye watu 379 ilipotua iligongana, kwenye njia ya kurukia, na ndege ndogo ya walinzi wa pwani. Watano kati ya sita wa ile ndogo walifariki. Kwenye ile kubwa spika zilikufa, wahudumu wakatumia vipaza sauti vya mkononi na koo zao. Milango iko minane, wakatumia mitatu. Ilichukua kama dakika 18 tangu kutua hadi wa mwisho kutoka, kwa hiyo msizishike sekunde 90 kama ahadi. Lakini wote 379 walitoka hai, na wengi waliacha mabegi yao yateketee.

Mwisho nimewaletea hili. (Ananyanyua jaketi okozi la manjano.) Mnaambiwa msilijaze upepo mkiwa ndani. Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikienda Nairobi ilitekwa, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu kabisa na ufuo wa Ngazidja, kisiwa cha Komoro. Kati ya watu 175 walipona 50. Baadhi walikuwa wameshajaza majaketi yao. Maji yalipoingia yaliwanyanyua hadi darini, na mlango uko chini. Ili utoke inabidi uzame kwanza, na jaketi lililojaa halikuruhusu kuzama.

Kijana wa mstari wa pili, naam, wewe. Njoo ulivae. Mwenzako azime taa. Mlango ni ule wa nyuma kushoto. Sasa mbona umebeba begi?